Kifuniko cha Tusker

Kila Ijumaa jioni, tangu Septemba, simu yangu hutetemeka mara moja juu ya meza nami najua ni Kitale. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye kiduka cha kuchapisha kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Hatumi salamu. Hutuma picha ya kadi moja ya mchezo anaoutengeneza, basi. Wiki moja ilikuwa migomba chini ya mbalamwezi. Iliyofuata, changarawe ikimwagika juu ya bati. Ijumaa iliyopita ulikuwa mlango wa mbao uliofungwa kwa kipande cha waya. Chini ya kila picha huandika maneno mawili: "Khocha, Desemba."

Mchezo hauna jina bado. Ni wa mezani, wa watu wanne hadi wanane, wenye ubao, kadi, dadu na kete, na unahusu omulosi, yule mkimbiaji wa usiku anayerusha changarawe juu ya mapaa, anayetikisa milango kisha akapotelea kwenye mahindi. Aliyelelewa Bungoma hahitaji kuelezwa. Anamjua kwa masikio tangu utotoni, hata kama hajawahi kumwona, na wengi wetu hatujawahi kumwona.

Nina miaka 46 na ninausubiri mchezo huu kama mtoto anavyosubiri nguo za Krismasi. Nimehesabu Ijumaa zilizobaki. Nikizima taa usiku huitazama tena kadi ya changarawe kwenye simu, na masikio yangu huanza kusikiliza paa, ingawa siku hizi ninaishi ghorofani na juu yangu kuna ghorofa nyingine.

Wiki tatu zilizopita alipiga simu badala ya kutuma picha.

"Khocha, nimekwama," alisema. "Hawa watu washindane, au washirikiane?"

Alikuwa ameandika kanuni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mchezaji mmoja ni omulosi kwa siri, na wengine wanapaswa kumfichua kabla jogoo hajawika. Katika aina ya pili hakuna mchezaji aliye omulosi. Ubao wenyewe ndio unaomwendesha kwa dadu na kadi, na watu wote hushinda pamoja au hushindwa pamoja. Alikuwa amezijaribu zote mbili na marafiki zake wa Kitale. Ile ya kwanza waliipenda sana, wakapiga kelele, wakashutumiana hadi kikombe kikavunjika. Ya pili walisema ni nzuri, lakini haichomi. Sasa alitaka mimi nichague.

Kwetu Wabukusu khocha si mjomba wa kuamkiwa tu na kupitwa. Kijana anayekaribia kutahiriwa huenda kwa khocha wake, na khocha humchinjia, humkaripia mbele ya watu, kisha humvika luliki shingoni, ukanda wa nyama wa kurudi nao nyumbani. Neno la khocha huja na ukali wake na huja na nyama yake. Sikutaka kumjibu kijana kwa mdomo mtupu. Nikamwomba wiki moja. Zimekuwa tatu, kwa sababu jibu langu liko Lugulu ya mwaka 1989, na si mahali ninapopenda kurudi.

Lugulu iko kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Wakati ule ilikuwa hospitali ya misheni ya Marafiki, shule ya wasichana, kanisa, maduka machache, na mahindi, mahindi hadi macho yachoke. Umeme haukufika nyumbani kwetu. Tuliuona kwa mbali tu, upande wa hospitali. Upepo ukitoka Webuye ulituletea harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, harufu ya mayai yaliyooza, na wazee walisema moshi ule unakula mabati. Ukweli wa jambo hilo sikuupima, lakini bati letu lilikuwa limeshika kutu, na mtoto aliyelala chini yake alijua kwamba changarawe hulia kwa namna mbili. Bati jipya hupiga kelele. Bati zee hukohoa. La kwetu lilikohoa.

Desemba, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, binamu walikusanyika kwa kukhu, bibi yetu mzaa baba. Chakula kikiisha, koroboi iliwekwa katikati, na hadithi zikaanza: kamanani wanaokula watu, au Mango aliyejificha ndani ya pango la Mwiala kumngoja joka lililokuwa likimaliza watu, akalikata kichwa, nacho kichwa kikaruka na kuuma mti hata majani yake yakakauka papo hapo. Hadithi ya Mango nimeisikia mara mia, na kila mara ule mti uliokauka ndio ulionitisha kuliko joka.

Mwaka ule tuliamua kuutengenezea usiku wetu ubao. Tulipasua katoni ya Kimbo, tukaigeuza upande wa ndani, tukachora kwa kalamu ya Bic. Nyumba ya kukhu ilikuwa pembeni. Kisha migomba, kisima, ua wa shule ya wasichana, barabara, na chumba cha maiti cha hospitali, kisanduku ambamo hakuna aliyetaka kutua. Juu kabisa tuliweka Chetambe, kilima cha upande wa Webuye ambako mwaka 1895 watu wetu walijifungia ndani ya boma la udongo na Waingereza wakawajia na bunduki. Kukhu alilelewa na watu waliokuwa hai siku zile. Alipoona tumekichora, alisema tu, "Hapo msicheze." Tukakubaliana kwamba atakayetua Chetambe akae kimya mzunguko mmoja.

Kete zetu zilikuwa vifuniko vya Fanta. Kimoja kilikuwa cha Tusker, tulichokiokota nje ya baa, na hicho ndicho kilichokuwa omulosi. Dadu ilitoka kwenye Ludo ya binamu mmoja, imemong'onyoka pembe moja, hivyo namba sita ilikuja mara nyingi kuliko haki. Tuliizoea.

Siku za kwanza mambo yalikuwa mepesi. Mmoja alishika Tusker waziwazi na kutukimbiza, sisi tulikimbilia nyumba ya kukhu. Ukikamatwa unatoka. Kulikuwa na vicheko, na zamu ya kuwa omulosi iligombaniwa. Mchezo wa namna hiyo sina neno nao hata leo.

Kisha binamu yetu mkubwa alirudi kutoka shule ya bweni na kanuni mpya. Vifuniko tuviache kwanza, alisema. Akakata karatasi ndogo, akaandika alama ya X kwenye moja, akazikunja na kuzitia kwenye kofia. Kila mtu achukue yake, aitazame, anyamaze. Mwenye X ndiye omulosi. Usiku ukipita, yaani tukiwa tumefumba macho, omulosi anagusa mmoja na huyo anakufa. Asubuhi tunafumbua macho na kushitakiana, kisha tunapiga kura kumtoa mmoja kijijini. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mchezo wa jamaa hiyo, uitwao Mafia, ulibuniwa mwaka 1986 na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow. Namna ulivyofika bweni la Magharibi mwa Kenya katika miaka mitatu, ikiwa ndio huo, siwezi kueleza. Huenda binamu alibuni wake. Watoto wa bweni na giza ni walimu wa kutosha.

Ulikuwa mchezo mtamu sana. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mpwa wangu lazima ajue kwamba ninaelewa wanachokipenda marafiki zake. Ukiwa na karatasi ya X mkononi moyo unadunda hadi unaogopa wenzio watausikia. Ukiwa na karatasi tupu, unaangalia nyuso za ndugu zako mwenyewe, nyuso ulizokula nazo, na kwa mara ya kwanza huzijui.

Tulikuwa saba. Wa saba hakuwa ndugu. Alikuwa mtoto wa jirani, rika langu, aliyekaa na bibi yake ng'ambo ya kijito. Huyo bibi aliishi bila mume, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kijijini ilinong'onwa kwamba usiku anakimbia. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Hakuna aliyewahi kumkuta. Watu wazima walisema kwa kunong'ona, na sisi watoto tulisikia kwa masikio yale yale yaliyosikia changarawe.

Usiku wa kwanza tulimpigia kura yeye. Ilionekana bahati tu. Usiku wa pili tena. Usiku wa tatu hatukujadiliana hata kidogo, binamu mkubwa alisema "Nani?" na vidole sita vikaelekea upande mmoja. Alicheka nasi, kicheko cha mtu anayetaka kubaki ndani ya chumba. Usiku wa nne alikunjua karatasi yake kabla ya kura, akaiweka chini ya koroboi tuione. Ilikuwa tupu. "Tazameni," alisema. Sikumbuki nani alicheka kwanza. Ninakumbuka nilicheka. Mtu mmoja akasema karatasi haina shida, shida ni nyumbani. Vidole vikainuka, changu kikiwamo.

Alisimama, akaacha chai yake nusu kikombe, akafungua mlango na kutoka. Ilikuwa karibu saa nne usiku. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa sababu anaogopa njia. Husindikizwa kwa sababu ni mtu. Hata adui akikutembelea unatoka naye hadi njia panda. Mtoto yule alivuka migomba na kijito peke yake, katika usiku ule ule ambao sisi, ndani, kwenye mwanga, tulikuwa tukicheza kuuogopa.

Asubuhi kukhu alikuwa akipepeta maharagwe uani. Hakuinua macho.

"Mgeni wenu alisindikizwa na nani?"

Tukanyamaza. Akauliza mara ya pili, tukaendelea kunyamaza. Hakutupiga wala hakutukemea. Alimaliza ungo mzima, kisha akasema alitusikiliza kutoka chumbani usiku zote nne, na kuna kitu hakukielewa. "Katika mchezo wenu kuna wa kukimbia na kuna wa kukamata. Kuna wa kushitaki. Wa kufungua mlango ni nani?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na sijakutana na swali lililonikaa hivyo.

Jioni hiyo tulizitupa karatasi motoni na kurudi kwenye katoni ya Kimbo. Mchezo tuliotengeneza ulituchukua siku tatu, na kukhu alikuwa akipita na kusahihisha kana kwamba anaonja mboga. Tusker ikaondolewa mikononi mwa watu. Dadu ndiyo iliyoiendesha. Sote tukawa watu wa kijiji, kila mmoja akianzia mahali tofauti, kisimani, barabarani, uani mwa shule, na usiku ukiingia tulipaswa kufika nyumbani. Aliyefika alikuwa ndani. Aliyechelewa aliweza kugonga mlango wowote. Walioko ndani walitia punje kikombeni bila kusema neno: hindi jeupe ni kufungua, haragwe jekundu ni kutofungua. Mlango ukifunguliwa, dadu inarushwa, na namba moja ikija omulosi ameingia pamoja na mgeni, nyumba hiyo inazimwa taa na kila aliyemo anaanza upya. Mlango usipofunguliwa, aliyeko nje anabaki nje.

Sisi tulitaka kuhesabu waliofika, aliye na wengi ashinde. Kukhu alikataa. "Akibaki mmoja nje," alisema, "hakuna aliyelala." Ikawa kanuni: mmoja akikosa kuingia kabla jogoo hajawika, tumeshindwa wote.

Ulitutisha kuliko ule wa karatasi. Hapa ndipo marafiki wa mpwa wangu na mimi tunapoachana. Katika mchezo wa karatasi niliogopa kutajwa, na mtu anayeogopa kutajwa hutaja wengine upesi. Katika mchezo wa milango niliogopa nafsi yangu. Nilishika haragwe na hindi kiganjani gizani, nikisikia binamu yangu akigonga meza kwa kidole, ngo, ngo, ngo, na nilijua vizuri kabisa kile ninachopenda kufanya.

Niliubeba ubao huo mpya ng'ambo ya kijito, nimwonyeshe rafiki yangu. Alitazama visanduku kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kifuniko cha Tusker akasema ana ng'ombe wa kuchunga. Mwaka uliofuata bibi yake alifariki, naye akachukuliwa na jamaa zake wa Kiminini, Trans Nzoia. Kijijini hapakunong'onwa tena habari zake.

Mlango wetu uligongwa kweli mwaka 1992. Mapigano yalikuwa yameanza Mlima Elgon mwishoni mwa 1991, na miezi ile watu walishuka na magodoro vichwani wakitafuta jamaa. Ilikuwa usiku wa manane. Baba alisimama katikati ya chumba na panga mkononi, hakuenda mbele wala nyuma. Nje mwanamke alisema jina la ukoo ambao hatukuwa na ndugu ndani yake. Sote tulikuwa macho, hakuna aliyepumua. Kukhu aliinuka kwenye kitanda chake, akajifunga leso, akampita baba kana kwamba ni nguzo, akatoa waya mlangoni. Walikuwa watano. Walikaa nasi hadi mvua za Machi.

Mpwa wangu amezaliwa baada ya hayo. Anaijua michezo ya dunia kuliko mimi. Huitazama ikichezwa kwenye video hadi usiku, na ndiye aliyenifundisha majina yake. Kupitia kwake nilijua kwamba Arkham Horror, mchezo wa Richard Launius uliotolewa Marekani mwaka 1987, tangu mwanzo uliwaweka wachezaji upande mmoja dhidi ya vitisho vya mji, wakati ambapo karibu kila ubao uliouzwa uliwataka watu wapigane. Mwaka 2000 Reiner Knizia aliutoa mchezo wa The Lord of the Rings kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 Matt Leacock akaleta Pandemic, wachezaji wakiwa kikosi kinachokimbizana na magonjwa duniani, na tangu hapo kushirikiana hakuonekani tena kuwa mchezo wa watoto. Kati ya kushindana na kushirikiana kuna Betrayal at House on the Hill, wa mwaka 2004, ambao mpwa wangu anauabudu: mnaingia pamoja katika nyumba yenye mizimu, mnaichunguza chumba kwa chumba mkisaidiana, hadi saa fulani mchezo unapomgeuza mmoja wenu, kwa kawaida, akawa adui. Ninakiri kwamba wazo hilo ni la ufundi mkubwa.

Ila aliyenigusa zaidi si mtu wa michezo ya kutisha. Ni Elizabeth Magie, Mmarekani aliyepata hataza mwaka 1904 kwa mchezo aliouita wa kabaila mwenye ardhi, ule ambao baadaye ulizaa Monopoly. Magie aliupa mchezo wake kanuni za aina mbili. Kwa kanuni moja mtu alishinda kwa kuwafilisi wenzake. Kwa nyingine utajiri ulipozalishwa ulimfikia kila aliyekaa mezani. Ubao ni huo huo. Alitaka watu wacheze zote mbili, waone kwa mikono yao kwamba maumivu yalitoka kwenye kanuni, si kwenye ubao. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza Monopoly, na kilichobaki ni ile kanuni ya kufilisi.

Sipingi kushindana. Pita steji yoyote kati ya Webuye na Kitale saa sita mchana, utawakuta watu wa bodaboda wameinamia drafti, vifuniko vimegeuzwa juu na chini, na maneno wanayotupiana hayaandikiki. Hakuna anayeondoka pale akiwa amepoteza jirani. Katika drafti kila kitu kiko wazi, kete zako naziona na zangu unaziona, na ukinila tatu kwa mpigo ni kwa sababu sikutazama. Bao ni hivyo hivyo. Hiyo ni michezo ya mchana. Omulosi ni wa usiku, na usiku kazi yake ni kukunyima kuona. Ukiwaambia watu washindane mahali ambapo hawaoni, watajaza giza kwa kile walichokuja nacho kutoka nyumbani. Sisi tulikuwa watoto saba wenye karatasi tupu sita na X moja, na kwa usiku nne tulipata jibu lile lile, kwa sababu kijiji kilikuwa kimeshatupa jibu kabla hatujaketi.

Si jambo la Lugulu peke yake. Mei 2008, huko Kisii, kundi la watu liliwachoma moto wazee 11, wanawake 8 na wanaume 3, kwa kuwadhania wachawi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamtia hatiani hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa akipeleka neno lake kwa chifu, polisi au ofisa wa serikali. Sheria imekuwapo miaka 100. Simwambii mpwa wangu kwamba mchezo wa kadi huchoma nyumba. Ninamwambia kwamba kidole nilichokiinua mwaka 1989 kilijua njia, na hakuna aliyekuwa amekifundisha kwa makusudi.

Marafiki zake wana neno moja la haki, nami nimelifikiria sana. Wanasema mchezo wa kushirikiana huharibiwa na mtu mmoja anayejua yote. Yeye huamuru, wewe nenda huku, wewe tupa kadi ile, na wengine wanabaki kumsogezea kete. Nimeyaona. Binamu yetu mkubwa alipokuwa kwenye meza ya milango alitaka kuyaendesha mambo hivyo, na kama si ile kanuni ya kunyamaza angetugeuza sote kuwa mikono yake. Usiku wa kweli, omulosi akiwa nje, hupigi kelele kumwelekeza mtu. Unapumua polepole na kuamua mwenyewe. Antoine Bauza alilielewa hilo katika Hanabi, mchezo wa mwaka 2010 ambao unaona kadi za wenzako wote isipokuwa zako, na maneno ya kuambiana yamehesabiwa. Kwa hiyo mpwa wangu nimemwambia: wape watu ukimya, na kila mtu awe na punje zake ambazo hakuna wa kuziona. Mtu anayejua yote atajua yote peke yake.

Nilimpa jibu hilo Jumapili, kwa simu, saa nzima na zaidi. Nilimweleza habari za karatasi na za kijito. Hakuwahi kuzisikia, mama yake alikuwa mchanga wakati ule. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Lakini Khocha, bila msaliti wataogopa nini?"

"Watauogopa mlango," nilimjibu.

Ijumaa ndipo ilipokuja picha ya mlango wa mbao na waya wake. Sikuwa nimemwambia habari za waya. Labda alimwuliza mama yake, au labda milango yote ya wakati ule ilifungwa hivyo. Amesema kadi za milango zitakuwa kumi na mbili, na ameshanunua maharagwe mekundu sokoni Kitale; mahindi atayakuta nyumbani. Sanduku atalileta mwenyewe kwa matatu tarehe 23 Desemba. Tutacheza kesho yake usiku katika nyumba ile ile, ambayo sasa ina umeme, na tumekubaliana kuuzima. Koroboi moja bado ipo. Ninaomba anayesoma haya, kama ana watoto wanaocheza michezo ya kumtafuta mchawi au msaliti sebuleni, aketi nao siku tatu au nne aangalie vidole vinaelekea kwa nani.

Namba ya simu ya rafiki yangu wa Kiminini niliipata kwa mtu wa soko la Misikhu. Hatukuwa tumezungumza tangu tukiwa watoto. Nilimsalimu, mulembe, akaitikia, tukaulizana watoto na mahindi. Nikamwambia kuna mchezo, na kwamba Desemba tarehe 24 tungependa awepo. Sikuweza kusema mengine niliyokuwa nimeyaandika kwenye karatasi mbele yangu. Aliuliza kitu kimoja tu: kama kifuniko cha Tusker bado kipo. Nikamwambia kipo, lakini hakishikwi na mtu.

Akasema ataangalia kazi zake za shambani. Nimewaambia nyumbani watoe viti vinane, na kwamba akija, nitamsindikiza mimi.